Mwanya wa Nusu Dakika

Mikono miwili inafinyanga chungu. Udongo mbichi unazunguka juu ya gurudumu, unapanda, unatanuka, unashuka tena. Mfinyanzi hana haraka na chungu chake hakiishi. Husikii neno, ni muziki laini tu. Watazamaji wa runinga ya BBC walianza kuiona filamu hiyo mwaka 1953, wakaiona tena na tena, hadi wengine wakaikumbuka kuliko vipindi ilivyovitenganisha. Yenyewe haikuwa kipindi. Ilikuwa kiraka.

Siku hizo karibu kila kitu kilirushwa moja kwa moja. Mchezo wa kuigiza ulipofika mapumziko, waigizaji walibadili nguo na kamera zenye uzito wa ng'ombe zikasukumwa upande wa pili wa studio. Mara nyingine mtambo uligoma tu, bila kumuaga mtu. Mwanya ulijitokeza, na mwanya ulihitaji kuzibwa, ndipo akaletwa mfinyanzi, na siku nyingine paka mdogo anayechezea uzi, au farasi wanaolima shamba. Hakuna aliyedhani kwamba katika mwanya huo stesheni ingeweza kusema yenyewe ni nani. Wala haikuwa na haja ya kusema, maana ilikuwa peke yake.

1936–1954: Adabu za nyumba moja

BBC ilianza huduma yake ya runinga tarehe 2 Novemba 1936, kutoka Alexandra Palace, jumba lililo kilimani kaskazini mwa London. Watangazaji wa kwanza walikuwa watatu: Jasmine Bligh, Elizabeth Cowell na Leslie Mitchell. Walivaa kama watu walioalikwa chakula cha jioni, na kazi yao ilifanana na ya mwenyeji mstaarabu: kukukaribisha, kukueleza kinachofuata, kukuomba radhi mambo yakiharibika. Vita vilipokaribia, tarehe 1 Septemba 1939, mitambo ilizimwa. Ilipowashwa tena Juni 1946, Bligh alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya kamera kuwapokea watazamaji waliorudi.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. BBC iliishi kwa sehemu ya kwanza ya methali hiyo. Ilikuwa ikilipwa kwa ada ya leseni, haikuruhusiwa kuuza nafasi za matangazo ya biashara, na habari za vipindi vyake zilikuwa katika gazeti lake lenyewe, Radio Times, lililoanza 1923. Kujinadi ilikuwa tabia ya sokoni.

Kilichoibadili ni fununu za mpinzani. Kufikia mwisho wa 1953 serikali ilikuwa imedhamiria kuruhusu runinga ya biashara, na tarehe 2 Desemba mwaka huo BBC ikaonyesha kwa mara ya kwanza alama yake inayotembea. Aliyeibuni ni Abram Games, mchoraji wa mabango aliyekwisha kujipatia jina kwa mabango ya vita na kwa nembo ya Tamasha la Uingereza la 1951. Hakuchora. Alijenga kifaa chenye jicho katikati, mbawa mbili pembeni na taa zinazomwaya mwanga juu yake, kisha kikapigwa picha. Watu wakakibandika jina la mbawa za popo. Kilikuwa kitu dhaifu chenye hasira za haraka, nacho kiliharibika muda mfupi baada ya kupigwa picha. Filamu ndiyo iliyobaki kukitumikia kwa miaka.

1955–1969: Jina moja, milango mingi

ITV ilifunguliwa London jioni ya tarehe 22 Septemba 1955, na tangazo la kwanza la biashara katika historia ya runinga ya Uingereza likawa la dawa ya meno, Gibbs SR. Jambo ambalo mgeni huwa halielewi upesi ni kwamba ITV haikuwa stesheni moja. Sheria ya 1954 iliunda mamlaka ya umma iliyomiliki minara ya kurushia, na mamlaka hiyo ikagawa nchi vipande vipande na kukabidhi kila kipande kwa kampuni tofauti kwa mkataba. London yenyewe iligawanywa kwa siku: Associated-Rediffusion ilishika siku za kazi, ATV ikashika mwisho wa juma. Kufikia 1968 zilikuwa kampuni 15 katika maeneo 14.

Hapo ndipo sanaa ya stesheni kujitambulisha ilipozaliwa, nayo ilizaliwa kwa sababu za kifedha na za kisheria kabla ya zile za kupendeza macho. Sheria haikumruhusu mwenye bidhaa kudhamini kipindi kama ilivyokuwa Marekani, kwa hiyo mpaka kati ya tangazo na kipindi ulipaswa kuonekana wazi. Tena kipindi kilichotengenezwa na kampuni moja kilionyeshwa katika maeneo ya nyingine zote, na kila kampuni ilitaka kazi yake ijulikane ni yake. Kwa hiyo kabla ya kipindi kuanza ilipita alama ya aliyekitengeneza pamoja na kibwagizo chake. Granada ya Manchester ilikuwa na mshale unaoelekea juu, na maneno yaliyotangaza kwamba hiki kinatoka Kaskazini. Mtoto wa London aliyekuwa akisubiri Coronation Street, tamthilia ya Granada iliyoanza Desemba 1960, alijifunza jiografia ya nchi yake bila kujua kwamba anafundishwa.

Nzuri kuliko zote, kwa macho yangu, ilikuwa ya Anglia, kampuni ya mashariki mwa England iliyoanza 1959. Haikuagiza mchoro. Ilinunua sanamu ya fedha ya karne ya 19, shujaa wa kale aliyepanda farasi, akiwa na deraya mwilini na mkuki mkononi. Ikamweka juu ya meza inayozunguka, ikaelekeza taa, ikapiga picha. Shujaa anageuka polepole, fedha inameta begani, kwenye shingo ya farasi, kwenye ncha ya mkuki, hadi kibendera kinajitokeza na jina la kampuni liko juu yake. Muziki ulitokana na kazi ya Handel. Eneo lenyewe ni la mashamba tambarare, miji midogo na bandari za wavuvi. Kwa sekunde kadhaa kila jioni watu wake walihesabiwa kuwa wenye ufalme wao. Shujaa huyo alidumu hadi 1988.

BBC nayo ilikuwa imeongeza mtoto. BBC2 ilipangiwa kuanza tarehe 20 Aprili 1964 na ilinadiwa kwa mchoro wa kangaruu, mama aitwaye Hullabaloo na mwanawe Custard aliyechungulia mfukoni. Jioni hiyo umeme ukakatika sehemu kubwa ya magharibi mwa London kwa sababu ya moto katika kituo cha umeme cha Battersea, na sherehe ikafa. Kesho yake usiku Denis Tuohy alionekana studioni na mshumaa, akaupuliza. Sidhani kama kangaruu wale waliwahi kufanya kazi nzuri kuliko pumzi hiyo moja.

1969–1985: Dunia inayozungushwa na mota

Kwetu sisi tulioikuta BBC kwa njia ya redio, BBC ni sauti. Idhaa ya Kiswahili ilianza 1957, na vizazi viwili vya wasikilizaji vilisema tu kwamba "London wamesema". Kwa Waingereza walioketi sebuleni BBC ilikuwa na sura, nayo ilikuwa tufe la dunia.

Tufe lilikuwapo tangu 1963, ila lililokaa vichwani mwa watu ni la tarehe 15 Novemba 1969, siku BBC1 na ITV zilipoanza rangi. Usidhani ni mchoro. Lilikuwa tufe la kweli, dogo, likizungushwa na mota, na nyuma yake kioo kilichobonyea kiliukuza mgongo wa dunia hiyo hiyo. Kamera iliyokuwa ikiliangalia ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, rangi ya samawati ikaongezwa baadaye kwa umeme. Basi alama ya kutangaza zama za rangi ilitoka kwenye kamera isiyojua rangi! Chini ya tufe wakaandika neno "rangi" kwa Kiingereza, ili mwenye seti ya zamani akumbuke kila saa kile anachokikosa. Leseni ya rangi ilikuwa ya bei ya juu zaidi. Hata asiyeuza sabuni ana bidhaa yake.

Mitambo ya aina hii ilikuwa na kasoro zake, maana mota huchoka na mwanga huhama. Mwaka 1979 BBC2 ikaanza kutumia tarakimu ya 2 iliyozalishwa na kompyuta, na Februari 1985 BBC1 ikaliondoa tufe la mota na kuweka la kompyuta, bahari za samawati unazoweza kuona kupitia kwazo na mabara ya dhahabu. Siku iliyofuata, tarehe 19, tamthilia ya EastEnders ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Haikuwa bahati mbaya: BBC1 ilikuwa ikipanga upya jioni zake zote ili kupambana na ITV, na nyumba inayopokea wageni wapya hupakwa rangi.

Lakini pigo lililoamsha kila mtu lilitoka kwingine. Channel 4 ilianza tarehe 2 Novemba 1982, chini ya Jeremy Isaacs, kwa mpango mpya kabisa: isitengeneze vipindi vyake, bali ivinunue kwa watengenezaji wengi, wakubwa na wadogo. Martin Lambie-Nairn na mwenzake Colin Robinson waliigeuza hoja hiyo kuwa umbo. Vipande vya rangi mbalimbali vinaruka kutoka pande zote, vinazunguka, vinakutana na kuwa tarakimu ya 4. Kila kipande kina rangi yake, na hakuna kinachopoteza rangi kwa kuungana na vingine. Uingereza haikuwa na kompyuta za kuifanya kazi hiyo ipasavyo, ikapelekwa Los Angeles. David Dundas akatunga muziki wa noti nne, ukaitwa Fourscore. Ukiupiga leo kwa filimbi mbele ya Mwingereza wa umri wa miaka hamsini, uso wake utabadilika.

1991: Tarakimu iliyopakwa rangi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 BBC2 ilikuwa na tatizo ambalo vipindi havikuweza kulitibu. Vipindi vilikuwa vizuri. Watafiti walipowauliza watazamaji kuhusu chaneli yenyewe, majibu yakawa kwamba inachosha, inajivuna, ni ya wasomi. Alama ya wakati huo ilikuwa neno TWO, herufi nyeupe juu ya uwanja mweupe, na kwa kweli ilifanana na mwaliko wa mhadhara. Mkuu wa chaneli alikuwa Alan Yentob, na aliyeitwa kuitibu alikuwa Lambie-Nairn yule yule.

Tarehe 16 Februari 1991 tiba ilianza kuonekana. Tarakimu ni ileile, 2, na rangi ni moja, kijani chenye kuelekea samawati. Kinachobadilika ni maisha ya tarakimu hiyo. Katika filamu moja rangi ya mafuta inarushwa na kuipiga 2 usoni, polepole mno, matone yakitawanyika hewani kama kundi la ndege walioshtuliwa. Katika nyingine 2 ni chuma chenye makali, inadondoka, inajichoma chini kama kisu cha mrushaji wa sarakasi na kubaki ikitetemeka. Kuna ya hariri, kuna ya maji, kuna ya unga. Baadaye zikaja zenye utani: 2 ya manyoya inayojifanya mbwa wa kuchezea, 2 ambayo ni kigari cha rimoti. Muziki ni sauti chache tu, kama mtu anayegonga bilauri chumba cha pili.

Utafiti uliporudiwa, watazamaji waliiona chaneli kuwa ya kisasa, yenye akili na ucheshi. Vipindi vilikuwa vilevile. Nadhani hakuna sentensi katika historia hii iliyowagharimu wenye stesheni pesa nyingi kuliko hiyo, kwa sababu kila mkurugenzi aliyeisikia baadaye alitaka mtu amfanyie muujiza uleule.

Wiki mbili baada ya zile tarakimu, tarehe 1 Machi 1991, ukuta mwingine ulianguka bila kelele. Hadi hapo Radio Times ilichapisha ratiba za BBC tu, na TVTimes za ITV na za Channel 4. Familia iliyotaka kujua wiki nzima ilinunua magazeti mawili. Sheria mpya ikaruhusu gazeti lolote kuchapisha ratiba zote. Kuanzia siku hiyo vipindi vya stesheni zote vilipangwa safu moja kando ya nyingine, kama vitambaa juu ya meza ya muuza mitumba, na mnunuzi hakuwa na sababu ya kuanza na kimoja.

1993–2002: Milango inafungwa

Sheria hiyohiyo ya 1990 iliamuru maeneo ya ITV yapigwe mnada. Thames, iliyokuwa ikishika siku za kazi London tangu 1968 na alama yake ya majumba mashuhuri ya jiji yakijitazama mtoni, ilishindwa na Carlton. Iliaga usiku wa tarehe 31 Desemba 1992. TVS ya kusini na TSW ya kusini-magharibi zilizimika usiku huohuo.

Majina yaliyobaki hayakudumu. ITV ilikuwa imejaribu sura moja ya taifa zima mwaka 1989, baadhi ya kampuni zikaikataa au zikaikarabati kwa kupenda kwao. Lakini kampuni zilizidi kumezana, na aliyezimeza hakuona faida ya kulipia watangazaji, studio na alama kumi na zaidi kwa vipindi vilevile. Tarehe 28 Oktoba 2002 chaneli ikaanza kujitambulisha kwa jina moja la ITV1, na katika sehemu kubwa ya England majina ya kale yakaachiwa habari za mkoa tu. Granada na Carlton ziliungana 2004. Scotland na Ireland Kaskazini walibaki na majina yao, STV na UTV, na hadi leo ukivuka mpaka wa Scotland unaona tofauti kwenye kioo kabla ya kuisikia kwenye lafudhi.

Mahesabu yalikuwa sahihi. Bado nasikitika juu ya yule shujaa wa fedha.

1997–2007: Sokoni

Channel 5 ilifunguliwa Machi 1997 na Spice Girls. Kabla ya hapo kampuni ililazimika kutuma mafundi majumbani kurekebisha mashine za video, kwa sababu mawimbi yake yaligongana nazo. Ilikuwa pia na ujasiri wa kubandika nembo yake kwenye kona ya kioo muda wote, jambo lililowaudhi wengi na kisha likaigwa na wengi zaidi.

Mwaka huohuo BBC ilinyoosha visanduku vitatu vya nembo yake, vilivyokuwa vimelala upande, ikalaumiwa kwa gharama. Tufe likatoka kwenye kompyuta na kuwa puto la kweli la hewa moto, lililopigwa picha likielea juu ya maeneo ya Uingereza yenyewe: dunia ikashushwa mtaani. Na Septemba ikaja Perfect Day. Ilikuwa filamu fupi ya kuitetea leseni: wimbo mmoja wa Lou Reed uliogawanywa kwa waimbaji wa kila aina, kuanzia Bowie na Elton John hadi Tammy Wynette, ili kuonyesha kwamba hakuna ladha isiyolishwa na BBC. Watu wakaomba kuununua. Ukatolewa kwa ajili ya mfuko wa kusaidia watoto, ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Umma ulinunua tangazo dukani.

Machi 2002 puto nalo lilishushwa na wacheza ngoma wakachukua nafasi yake, wenye viti vya magurudumu, wa haka, wa capoeira. Wapo waliolalamika kwamba ni siasa. Tufe lililokaa karibu miaka arobaini likawa limekwisha.

Kufikia hapo chaneli zilikuwa mamia. Runinga ya dijitali ya Sky ilianza 1998, ile ya bure ya Freeview 2002. Katika orodha ndefu hivyo jina ndilo duka lote, na kulikuwa na chaneli iitwayo UKTV G2, jina linalofaa zaidi dawa ya mafua. Ilirudia vipindi vya vichekesho na magari. Oktoba 2007 ikaitwa Dave. Maelezo ya wenyewe yalikuwa kwamba kila mtu anamfahamu jamaa mmoja aitwaye Dave. Wakaingiza chaneli kwenye Freeview, wakapiga picha sebule ya anasa kama klabu ya mabwana, vipindi wakaviacha vilevile. Watazamaji wakafurika.

2012–2024: Mwanya unazibika

Channel 4 ilipochukua Michezo ya Paralimpiki ya London kutoka BBC, ilitengeneza filamu ya sekunde tisini kuhusu wanamichezo hao na Julai 2012 ikairusha kwa wakati mmoja kwenye chaneli zaidi ya 70. Katikati ya mazoezi na vikapu inakatiza ajali ya gari, mlipuko wa vitani, mama mjamzito hospitalini. Haiombi huruma. Baada ya Olimpiki kuisha mabango yakawashukuru Waolimpiki kwa kupasha misuli moto. Ni kionjo bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa Uingereza, na mwenye kubisha na abishe.

Lakini pembeni kazi yenyewe ilikuwa inapunguka. BBC iPlayer ilianza kazi rasmi Desemba 2007. Atazamaye kwa simu au kwa intaneti hapiti kwenye chaneli. Kipindi kikiisha, kingine kinahesabu sekunde chache na kujianzisha. Mwaka 2014 BBC Two ilizitoa ghalani zile tarakimu za 1991 kusherehekea miaka 50. Zilikuja kama wageni wa sherehe, zikakaa hadi Septemba 2018, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kuziondoa.

ITV ilikuwa imeiondoa namba kwenye jina la chaneli yake kuu mwaka 2013. Novemba 2022 ikairudisha, ITV1, kwa vile Desemba ilikuwa inazindua ITVX, programu ya kutazamia mtandaoni. Chaneli iliyobeba jina la ITV tangu mwanzo ikawa sasa chumba kimojawapo ndani yake. Na Julai 2024 zamu ya Dave ikafika. Wamiliki wake walikuwa wameiita programu yao U, na kila chaneli yao ya bure ikapaswa kuivaa herufi hiyo, kwa hiyo yule jamaa anayefahamika na kila mtu sasa anasomeka U&Dave, kama kibao cha mawakili wawili wanaoshirikiana ofisi.